Bastola ya babu

Mimi hukusanya vitu vya kale: rupia na heller za Mjerumani, vifungo vya sare za askari. Mwaka jana shemeji yangu wa Biharamulo alinipigia. "Shem, kuna bastola ya babu. Aliiokota Wabelgiji walipoingia huku mwaka 1916. Njoo na laki tano."

Nikatoka Ngara asubuhi. Ubavuni iliandikwa Herstal, Ubelgiji. Moyo ulinidunda. Nikamwomba achomoe magazini, nikahesabu: inabeba risasi 13. Furaha ikaisha. Browning ya risasi 13 ilianza kutengenezwa mwaka 1935. Babu angeiokotaje 1916?

Sisi wa Ngara tunaukumbuka mwaka 1994, watu walipovuka daraja la Rusumo kwa maelfu. Silaha nazo zilivuka. Nilimuuliza taratibu, akainamisha kichwa: aliiuziwa na mpita njia miaka ile. Leseni hana, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 inaitaka. Tukamwita mwenyekiti wa kijiji, bastola ikasalimishwa polisi.

Shemeji alininunia miezi miwili. Mke wangu alizipokea laki tano zake akasema, "Afadhali. Hatujui ilimuua nani."

Ndugu msomaji, kabla ya kuuliza bei, uliza kilikotoka.