Niliua Samaki Wetu kwa Usafi

Leo sina utani mwingi. Kuna video yangu moja ambayo watu bado wananiuliza ilienda wapi, ile ya tangi jipya la samaki. Niliifuta. Nimeamua kusema sababu mara moja, halafu tuendelee na maisha.

Kama hukuiona, ilikuwa ya sekunde 42. Inaanza na tangi kuukuu, maji ya kijani kidogo, kioo kina ukungu. Halafu napiga vidole, pap! Tangi jipya la lita 120, kokoto nyeupe, taa za buluu, maji yanang'aa kama ya chupa. Samaki watatu wa dhahabu wanaingia polepole. Juu nimeandika: "Wamehamia mtaa wa wadosi." Niliiweka Jumatano asubuhi. Kufika Ijumaa ilikuwa imeangaliwa mara 31,000. Hakuna video yangu imewahi kukaribia hapo.

Kufika Ijumaa hiyohiyo, wawili kati ya hao watatu walikuwa wamekufa.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Mambo yote yalianza na Minecraft. Mdogo wangu ana miaka tisa na alikuwa anataka axolotl, yule mnyama wa majini mwenye uso wa kutabasamu na kitu kama manyoya kando ya kichwa. Mchezo ulimwingiza mwaka wa 2021 na tangu hapo watoto wamechizi. Nikaenda kusoma. Kumbe mnyama mwenyewe anatoka Xochimilco, kwenye mifereji ya maji kusini mwa jiji la Mexico, na hata huko kwao amebaki kidogo sana. Tena anataka maji baridi, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sisi tunaishi Umoja, orofa ya mwisho, chini ya mabati. Februari mchana sisi wenyewe tunakaangika. Nikamwambia kijana, hapana, huyo tutamuua.

Tukakubaliana samaki wa dhahabu. Watatu. Akawaita Chapo, Madondo na Sukuma. Mathe alitazama, akasema, "Kama mmeamua kufuga chakula, si mngefuga kuku?" Lakini baada ya wiki moja nilimkuta jikoni akiongea na Chapo kuhusu bei ya nyanya.

Miezi minane wakakaa kwenye tangi la lita 40. Lilikuwa dogo kwao, hiyo ni kweli. Samaki wa dhahabu anaweza kufika sentimita 20 na zaidi, si yule mdogo unayemuona dukani. Ndani kulikuwa na kichujio cha sifongo, kile cha bei rahisi kinachotoa mapovu. Sifongo ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Mimi nikiitazama nilikuwa naona aibu. Samaki wenyewe walikuwa wazima, wanakula, wanafukuzana.

Kwa hivyo nilipopata pesa kidogo ya kazi ya matangazo, nikaenda kwa fundi wa vioo, akanitengenezea tangi kubwa. Sikukosea hapo. Nilikosea kila kitu baada ya hapo.

Jumanne ndiyo siku yetu ya maji. Nikavuta mpira kutoka kwa mfereji, nikajaza tangi moja kwa moja. Kokoto za zamani nikazitupa. Sifongo nikaitupa, nikanunua kichujio kipya. Kioo nikasugua mpaka kikalia. Jioni hiyohiyo nikawachota samaki kwa neti, nikawatumbukiza. Na kwa sababu nilitaka wachangamke mbele ya kamera, nikawamwagia chakula mara nne. Mdogo wangu akaniuliza kama hiyo si mingi. Nikamwambia leo ni sherehe.

Alhamisi asubuhi wote watatu walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wanahema kama watu waliokimbia. Sehemu ya kupumulia, matamvua, ilikuwa nyekundu sana. Maji yalikuwa safi, unaweza kusoma gazeti kupitia tangi. Nikasema labda wanazoea. Alhamisi usiku Madondo akalala chini kwa ubavu na hakuinuka. Ijumaa asubuhi, Sukuma.

Mdogo wangu aliwaona kabla ya kwenda shule. Hakulia. Aliniangalia tu, akauliza, "Si ulisema hii ndiyo nyumba nzuri?" Akabeba begi akaenda.

Kuna mzee mmoja ploti ya pili ambaye amefuga samaki tangu mimi sijazaliwa. Nikakimbia kwake na kandambili. Alikuja, hakuangalia hata samaki kwanza. Aliangalia kichujio.

"Kijana, ile sifongo ya zamani iko wapi?"

"Niliitupa, Mzee. Ilikuwa chafu."

"Na mawe?"

"Hayo pia."

Akanyamaza kidogo. "Basi ulihamisha samaki, nyumba yao ukaipeleka kwa takataka."

Sikuelewa. Akaniambia nikae.

Hivi ndivyo alivyonieleza, na baadaye nimesoma nikathibitisha. Samaki akipumua na akienda haja, anatoa amonia. Chakula kikioza pia kinatoa amonia. Hiyo ni sumu inayochoma matamvua. Ndiyo maana walikuwa wanahema juu hata kama hewa ilikuwepo ndani ya maji. Sasa, katika tangi lililokaa, kuna bakteria wanaoishi kwenye sifongo, kwenye mawe, hata kwenye ule utelezi wa kioo. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni mbaya, inaingia kwenye damu ya samaki na kuizuia kubeba hewa. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiwango kidogo samaki anaivumilia. Hiyo nitrati unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Basi. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inafanywa na ile rangi ya chai niliyokuwa naionea aibu.

Ukianza na tangi jipya kabisa, hao bakteria huchukua kama wiki nne hadi sita kujaa vya kutosha. Mimi niliwapa siku sifuri.

Mathe alikuwa mlangoni anasikiliza. Akasema, "Kumbe ni kama maziwa lala." Na kweli. Ukimwona shosho akitengeneza maziwa lala, hasuguzi kila kitu halafu akangoja muujiza. Anaacha kidogo ya yale ya jana, anamwagia mapya juu yake. Ile kidogo ndiyo inayoanzisha kazi. Mimi nilikuwa nimemwaga mbegu.

Halafu kuna hayo maji ya mfereji. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yanasafishwa na kutiwa klorini ili mimi na wewe tusipate kipindupindu. Kwetu ni jambo jema kabisa. Lakini klorini hiyohiyo inachoma matamvua ya samaki na kuua bakteria unaowahitaji. Kwa hivyo hata kama ningebaki na sifongo, kujaza kwa mpira siku hiyo kungeniharibia. Cha kuchekesha ni kwamba nyumbani tuna drumu, kama kila mtu ambaye maji yake huja siku mbili kwa wiki. Maji ya klorini yakikaa wazi kwenye drumu kwa saa 24 au zaidi, klorini inatoka hewani. Yakikaa kwenye mtungi uliofungwa kifuniko, haitoki vizuri. Kuna pia dawa ya matone ya kuondoa klorini, na hiyo ni lazima kama maji ya kwenu yanatiwa kloramini, maana kloramini haiondoki kwa kungoja tu. Drumu ilikuwa imejaa maji ya Ijumaa iliyopita. Ilikuwa mita tatu kutoka kwa tangi.

Chapo alikuwa bado hai, vibaya vibaya. Mzee akarudi kwake, akaleta kipande cha sifongo kutoka tangi lake, kimelowa, kinanuka kama mto, rangi kama kahawa. Akakiweka ndani ya kichujio changu kipya. Nilitaka kuuliza kama hakichafui maji. Nikafunga mdomo.

Halafu akanipa masharti, na nimeyaandika hapa kwa sababu kuna mtu atayahitaji:

Badilisha robo ya maji kila siku kwa wiki mbili za kwanza, kwa maji ya drumu yaliyokaa, yasiwe baridi kuliko ya tangi. Usibadilishe yote kwa pamoja.

Chakula mara moja kwa siku mbili, kidogo, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Samaki mgonjwa hafi njaa haraka. Anakufa kwa chakula ambacho hakukila.

Nunua karatasi za kupima maji. Amonia isome sifuri, nitriti isome sifuri. Macho hayapimi kitu.

Sifongo ikiziba, isuuze ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Usiipeleke kwa mfereji, na sabuni usiiguse.

Stima ikipotea, na unajua itapotea, chota maji kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu, mara kwa mara, ili hewa iingie. Wale bakteria pia wanapumua. Kichujio kikisimama masaa mengi, wanaanza kufa.

Na siku ya kumhamisha samaki mwingine yeyote, mbebe ndani ya chombo chenye maji yake, kielee kwenye tangi jipya dakika 20 hivi ili joto lilingane, halafu umwongezee maji mapya kidogo kidogo kabla ya kumwachilia. Kichujio cha zamani kihamie kwanza. Samaki awe wa mwisho.

Sasa hapa ndipo pale mimi sipendi kusimulia.

Baada ya Madondo na Sukuma kufa, video ilikaa juu siku 12 zaidi. Najua kwa sababu nilihesabu baadaye. Kila asubuhi niliamka kubadilisha maji ya Chapo, halafu nikaangalia namba. Watu waliandika "hawa samaki wanaishi kuniliko" na mimi nikajibu kwa vicheko. Nilijiambia si uongo, kwani siku ya kurekodi walikuwa hai. Nilijiambia ni samaki tu, shilingi mia na kitu kila mmoja. Ni samaki tu ukiwa hujui kwamba mmoja wao kule Uingereza, aliyeitwa Tish, alifika miaka 43 kabla ya kufa mwaka 1999. Sisi tuliwapa miezi minane na siku tatu.

Siku ya 12, msee fulani akaandika chini ya video: "Umenipa motisha. Nimeosha langu lote leo, kila kitu kipya, linang'aa kama lako."

Nilisoma hiyo nikiwa kwa matatu na tumbo likageuka. Nikamtumia ujumbe haraka, nikamwambia arudishe sifongo ya zamani kama bado iko. Alijibu baada ya saa tano. Takataka zilikuwa zimeshachukuliwa.

Nikaifuta video hapo hapo, kabla ya kufika kituo. Lakini kufuta peke yake ni njia ya kutoroka, kwa sababu walioiona wameiona. Ndiyo maana naandika hii.

Maoni yangu ni haya, na unaweza kunipinga. Sisi watu wa video tunapenda sana "kabla na baada". Chumba kabla, chumba baada. Mwili kabla, mwili baada. Kamera inapenda kitu kinachobadilika kwa sekunde moja, na kitu chenye uhai hakibadiliki hivyo. Zile wiki sita za katikati, za kupima na kungoja na kumwaga ndoo, hakuna anayezitazama, kwa hivyo tunazikata. Halafu mtu kule nyumbani anadhani hazipo. Sisemi tuache kutengeneza video nzuri. Nasema kama kuna kiumbe ndani ya video yako, mtoto, mbwa, samaki, hata mche wa sukuma kwenye gunia, usipakie "baada" mpaka "baada" ifike kweli.

Yule msee alipoteza mmoja kati ya wanne. Nilimpelekea kipande cha sifongo yangu mpaka Donholm, ndani ya kikopo cha siagi chenye maji, kwa mkono. Nilijisikia kama nabeba dhahabu. Kilikuwa kinanuka vibaya sana kwenye matatu.

Chapo yupo. Wiki ya tano nitriti ilisoma sifuri kwa mara ya kwanza, na mdogo wangu akaibandika ile karatasi ya kupimia kwenye friji kama ripoti ya shule. Kokoto zangu nyeupe zimeshakuwa za kahawia kidogo na kioo kina ukungu pembeni. Wiki iliyopita nilitoa simu nimrekodi Chapo akila, kijana akasimama katikati yangu na tangi, mikono kiunoni.

"Umepima maji leo?"

Sikuwa nimepima. Nikarudisha simu mfukoni, nikaenda kuchukua karatasi.