Pedeli ya Tatu

Jumamosi, 10 Mei

Hukumu ya giaboksi ya otomatiki ya Mercedes yangu imetoka leo. Injini ikiunguruma na gia ikiwa kwenye P, fundi amechomoa kijiti cha hydroliki na kukipangusa kwenye karatasi nyeupe. Hydroliki ni nyeusi na inanuka kuungua. Gia ya kurudi nyuma inateleza, ya tatu inaingia kwa kishindo.

Kabla ya kuilaani giaboksi tulikagua mpira wa vakyumu unaotoka kwenye injini. Kwenye Mercedes za rika hili mpira huo ukipasuka, gia hubadilika kwa vishindo, na wenye magari wengi wameshauziwa giaboksi nzima kwa ugonjwa wa kipande cha mpira. Wangu ni mzima. Tatizo liko ndani.

Gari lenyewe ni 230E ya umbo la W123, umbo lililotengenezwa Ujerumani kuanzia 1975 hadi 1986, karibu magari milioni 2.7. Injini ya cc 2,299 bado haili oili, bodi haijaoza. Kulitupa ni dhambi. Mtaalamu wa otomatiki anataka vifaa viagizwe nje, na siku ya kumaliza hataki kuitaja. Fundi wangu kasema kwa kifupi: "Bosi, tuitoe hii, tuweke manyuali."

Jumatano, 14 Mei

Nipo Gerezani, mtaa wa vipuri wa Dar es Salaam, tangu asubuhi. Giaboksi ya gia nne ipo, tena bei si mbaya. Lakini giaboksi ni mwanzo tu wa orodha: flaiwili, klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi, pedeli zenye kikalio chake, pampu ya klachi ya juu na ya chini, bomba lake, fimbo ya gia, kikalio cha giaboksi, propela ya mbele kwa kuwa urefu haulingani, swichi ya taa za kurudi nyuma. Mzee mmoja wa dukani kaisoma, kanirudishia karatasi. "Mwanangu, hivi ukivitafuta kimojakimoja utazeeka. Tafuta gari la kuchinja."

Jumamosi, 17 Mei

Limepatikana Temeke, uani kwa mtu. W123 ya manyuali, sakafu imeliwa na kutu, viti hakuna, ila chini ya tumbo hakuna kilichoguswa. Nimelinunua lote. Binti yangu, aliyejifunzia udereva kwenye otomatiki kama vijana wengi wa sasa, kaliangalia likishushwa. "Baba, watu wanahamia otomatiki, wewe unarudi nyuma." Sikumjibu. Magari mengi yanayoshuka bandarini kutoka Japani ni otomatiki, hilo ni kweli.

Jumapili, 25 Mei

Otomatiki imeshuka pamoja na toki konveta yake. Nimeagiza ioshwe, izibwe matundu, ihifadhiwe stoo. Hakuna chuma kilichokatwa kwenye bodi, na sitaki kikatwe: atakayelimiliki gari hili baadaye akitaka kulirudisha lilivyotoka kiwandani, awe na njia.

Nyuma ya krenki kuna tundu ambalo kwenye gari la otomatiki halina beringi ndogo ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Fundi kaigonga mpya taratibu. Ikisahaulika, shafti inayumba, na baada ya muda mfupi giaboksi inalia. Flaiwili ya gari la kuchinja ilikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo imepelekwa kwa mkereza vyuma ikasawazishwa uso. Boliti zake tumenunua mpya, maana zikikazwa mara moja huwa zimeshavutika. Klachi pleti ya zamani tumeilowesha maji kabla ya kuiondoa. Pleti za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake halifai kupuliziwa hewa kama wafanyavyo vijana wa gereji.

Propela ilitiwa alama ya rangi kwenye maungio kabla ya kufunguliwa. Vipande vikirudishwa vimepishana, gari zima linatetemeka.

Jumatatu, 26 Mei

Ufunguo unazungushwa, stata kimya. Dogo wa gereji kaanza kuifungua, fundi kamzuia. Otomatiki hukubali kuwaka kwenye P na N peke yake, na swichi inayolinda hilo imeondoka na giaboksi. Nyaya mbili zimeunganishwa, injini ikawaka. Nyaya nyingine mbili zimepelekwa kwenye swichi ya giaboksi mpya, taa za kurudi nyuma zikawaka.

Jumamosi, 31 Mei

Kutoa hewa kwenye klachi. Unapiga pedeli, inabaki sakafuni. Klachi ya gari hili inakunywa mafuta kwenye kikopo kilekile cha breki, na hewa hung'ang'ania juu ya bomba. Dawa yake ni kusukuma kutoka chini: mpira mmoja unaunganisha nipo (skrubu ya kutolea hewa) ya breki ya gurudumu la mbele na nipo ya pampu ya chini ya klachi, zote zinafunguliwa, kisha mtu anakanyaga breki polepole. Mafuta yanapanda na hewa inatokea kikoponi. Pedeli imekuwa ngumu, imesimama.

Jumapili, 8 Juni

Pugu hadi Kisarawe na kurudi. Otomatiki ya gari hili ilikuwa na tabia ya kuondoka na gia ya pili usipokanyaga sana, gari likawa zito kila linapoanza. Leo linaondoka na ya kwanza, na kwenye kilima nachagua mwenyewe nishuke ya tatu au nivumilie. Kuteremka, injini inashika, breki zinapumzika.

Jumamosi, 14 Juni

Foleni ya Tazara. Goti la kushoto limechoka kabla sijafika, na hapo binti yangu ana hoja.

Hesabu ya mwisho, niiandike ningali naikumbuka. Otomatiki ya Mercedes haikuwa mashine mbaya. Imedumu miaka mingi kuliko magari yaliyoletwa baada yake. Lililonishinda ni kumpata wa kuitibu. Klachi ikiisha, fundi yeyote wa mtaani ataishusha giaboksi na kuipandisha, na pleti itapatikana Gerezani. Kwa gari la umri huu, kifaa kinachotengenezeka karibu na nyumbani kina thamani kuliko kilicho bora kwenye karatasi. Mwenye otomatiki nzima aiache ilipo, abadilishe hydroliki kwa wakati. Iliyokufa ndiyo ya kubadilisha, na kwanza linunuliwe gari zima la kuchinja.