Tulianza Wawili, Cheti Ni Kimoja

Tunawaandikia kutoka Kalangalala, mjini Geita, mbali na bahari lakini si mbali na ziwa. Sisi ni wawili, mtu na wifi yake: mmoja kazaliwa Unguja akaolewa huku, mwingine ni wa hapa hapa. Wote tuna miaka thelathini na kitu, wote tuliishia Kidato cha Nne, wote tulisomea ushonaji. Duka ni letu pamoja, vyerehani vinne na meza moja ya kukatia. Kwa hiyo tunaposema "sisi", ni sisi kweli.

Mji huu unaishi kwa dhahabu. Mgodi mkubwa ulianza kazi 2000, mkoa ukaundwa 2012, soko la dhahabu likafunguliwa 2019. Kila kilipoongezeka kitu waliongezeka watu, na watu lazima wavae. Tunashona ovaroli za wachimbaji wadogo, madera, na zaidi ya yote sare za skuli. Januari ndiyo mavuno yetu.

Januari moja tulichukua oda ya sare 140. Vipimo vyote tulimpa kijana wa jirani atuchapie kwenye kompyuta yake, akatuwekea kwenye fleshi moja. Zile karatasi tulizoandikia kwa mkono ziliishia kuwashia jiko, maana tulijiona tumeshaendelea. Wiki ya pili fleshi ikafa. Tukashona kwa kukisia na kukumbuka sura za watoto. Sare 52 zilirudi, na kitambaa cha kuzirudia tulikinunua kwa fedha zetu wenyewe. Akiba tuliyokuwa tunaiweka kwa ajili ya ovaloki ya pili ikabaki nusu.

Hatukumlaumu yule kijana. Kosa lilikuwa letu: kitu cha thamani tulikiweka pahala pamoja, tena pahala tusipopaelewa.

Ndipo tukasikia kuna chuo kinapokea watu wazima jioni, masomo ya kuandika programu za kompyuta na kuunganisha mitandao, miezi sita. Nusu ya akiba ingetosha kuanzia. Nyumbani kukawa na maneno. Mama, ambaye kwa mmoja wetu ni mzazi na kwa mwingine ni mkwe, alisema, "Wanangu, hiyo kompyuta inapiga pasi?" Waume zetu walicheka, kisha wakanyamaza, na kunyamaza kule tulikuhesabu kuwa ni ruhusa.

Lakini mtu mzima kurudi darasani si jambo geni nchi hii. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya aina hiyo huko Sweden, na kina mama wangapi wamejifunzia humo kushona, kupika na kulima? Sisi tulikuwa tunaongeza ufundi mwingine tu.

Wiki za mwanzo zilitudhalilisha, tuseme kweli. Darasani walikuwa vijana wa miaka 19 na 20, vidole vyao vinakimbia kama wanakuna nazi. Sisi tulitafuta herufi moja moja. Mwalimu mwenyewe kijana, anatuita "mama zangu" kwa heshima, na heshima ile ndiyo ilituumiza. Vitabu ni vya Kiingereza. Jaribio la kwanza mmoja wetu alipata 31 kwa 100, mwingine 27. Tulirudi nyumbani kwa miguu bila kusema neno.

Jambo la sala lilitushughulisha pia. Kwa kuwa Geita iko magharibi, jua huzama kama nusu saa baada ya Unguja, basi Maghribi ilitukuta katikati ya kipindi. Tulimwomba mwalimu, akatupa dakika kumi. Tuliswali stoo, kati ya makasha ya kompyuta mbovu.

Siku iliyotugeuza ilikuwa ya kebo. Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani, jozi nne zilizosokotwa. Unazifumua, unazinyoosha, unazipanga: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Unakata zilingane, unazisukuma kwenye kichwa chake, unabana kwa koleo. Ukikosea moja, huenda mtandao usipite kabisa. Vijana walihangaika. Sisi tumetunga uzi sindanoni tangu tukiwa wasichana! Kebo yetu iliwaka taa zote nane mara ya kwanza. Mwalimu akaiinua juu darasa zima liione.

Kuanzia hapo tukaacha kuogopa, tukaanza kulinganisha na tunayoyajua. Anwani ya kompyuta, kwa mfano 192.168.1.10, ni namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Tuliielewa tulipoifikiria kama mkoa, wilaya, kata na mtaa: sehemu ya mbele inasema uko mtandao gani, ya nyuma inasema wewe ni nani humo. Programu tulifundishwa kwa lugha ya Python, iliyotolewa 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Lugha hii inajali nafasi mwanzoni mwa mstari kama fundi anavyojali upindo. Kusahau nukta mbili mwishoni mwa mstari kulitulaza saa sita usiku. Na ile amri ya kurudia kazi ni kama kukata kola arobaini kwa patroni moja: unachora mara moja, mkono unarudia.

Mwezi wa nne mambo yakaharibika. Skuli zimefungwa, oda hakuna, mtoto akalazwa kwa malaria. Ada ya awamu ya mwisho pamoja na ya mtihani ilitosha mtu mmoja tu.

Tuligombana, wapenzi. Siku tatu hatukusemeshana ila kuulizana uzi uko wapi. Siku ya nne tukaketi, tukapimana kwa swali moja: nani akibaki dukani, duka litaingiza zaidi? Aliyebaki alibaki kwa sababu mkono wake mwepesi kuliko wa mwenzake, na sifa ile haikumfariji hata kidogo. Alilia. Nani alibaki na nani aliendelea, tumekubaliana tusiwaambie.

Ila tuliwekeana ahadi. Kila usiku aliyetoka chuo atamfundisha aliyetoka dukani, juu ya meza ya kukatia, kwa chaki ya kushonea. Mara nyingi aliyesoma alifika mahali akakwama, ndipo akajua kwamba darasani alikuwa hajaelewa bali amenakili tu. Maswali ya aliyebaki ndiyo yaliyompitisha mwenzake mtihani.

Leo tuna programu ndogo tuliyoiandika wenyewe. Unaandika jina la mtoto, skuli na vipimo, inakupa mita za kitambaa zinazohitajika. Si nzuri kwa sura, lakini Januari iliyopita haikurudi hata sare moja kwa kosa la vipimo. Na vipimo vyenyewe viko pahala patatu: kwenye kompyuta, kwenye fleshi anayolala nayo mwingine, na kwenye daftari. Daftari haliwashiwi jiko tena.

Kwa mwenye nia, nasaha zetu ni chache. Uliza ada yote kabla ya kuanza, pamoja na ya mtihani, usiulize ya kuanzia tu kama sisi. Ingia uone kompyuta ni ngapi na wanafunzi ni wangapi. Na tafuta mwenzio wa kusoma naye.

Mama naye juzi alituita, akatoa daftari la kikoba chake. "Hiyo kompyuta haipigi pasi," akasema, "lakini inajua kujumlisha?"

Cheti tumekiweka kwenye droo, hatujakitundika. Ovaloki bado hatuna. Tumeanza kuweka akiba tena, na safari hii tumeshaandikiana: ada ya aliyebaki kwanza, mashine baadaye. Tuombeeni dua.