Kujenga Juu ya Jiwe Jeusi

Mgeni akija kwetu Goma kutoka nchi ya udongo, humpa jembe nikamwambia ajaribu kulima nyuma ya nyumba yangu. Jembe hulia kama kengele, likarudi juu, naye hunitazama kwa mshangao. Chini ya miguu yetu ni jiwe jeusi la mlima Nyiragongo. Lilitoka mlimani likiwa moto na jepesi kama uji, likatiririka, kisha likapoa. Mahali pengine udongo uliolifunika ni wa kina cha kiganja tu, na mahali pengine hapana udongo hata kidogo. Mvua ikinyesha, hata iwe kubwa namna gani, maji hupotea katika nyufa. Mji unakaa ukingoni mwa ziwa Kivu, lakini mto hatuna. Maji twayabeba katika bidoni.

Nasema hayo ili mwelewe kwa nini habari ya nyumba ni habari ngumu kwetu, na kwa nini mtu kama mimi, ambaye si fundi, amejenga mara tatu katika miaka kumi.

Baba yangu alizaliwa Masisi, kwenye milima ya kijani upande wa magharibi. Huko nyumba ilikuwa kazi ya majirani. Wanaume walikata miti na mianzi, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito kwa kamba za miti. Wanawake na watoto walikanda udongo kwa miguu, nao ukajazwa katikati ya fito. Juu waliezeka nyasi. Mwenye nyumba alileta pombe ya ndizi, na deni lake lilikuwa kwenda kwa jirani siku ya jirani kujenga. Ukuta ukipasuka, dawa yake ilikuwa palepale chini: teka udongo, tia maji, ziba. Basi baba alikuja Goma na elimu hiyo yote, akafika mahali pasipo udongo wa kukanda. Alifanya kama walivyofanya wengine: alinunua mbao.

Ukipita katika mitaa yetu utaona nyumba za mbao kwa maelfu, zimepakwa rangi, au zimeachwa zikawa nyeusi kwa mvua. Wageni hudhani ni umaskini tu. Ni kweli umaskini upo, lakini kuna na akili ndani yake. Nyumba ya mbao ni nyepesi. Asiye na hati ya kiwanja, akifukuzwa, hung'oa misumari, hupakia mbao zake juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mti isiyo na pedali, akaenda kuijenga nyumba ileile mahali pengine. Ukuta wa mawe hauwezi kumfuata mwenyewe.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, nikiwa kijana, niliona jambo hilo kwa macho. Mlima ulipasuka ubavuni, lava ikashuka, ikapita uwanja wa ndege, ikakata mji katikati hadi ziwani. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wao kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Kanisa letu kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Katika mtaa wetu moto ulikuja polepole, ukisukuma mbele yake mawe yaliyokwisha kupoa juu, na sauti yake ilikuwa kama ya vyombo vingi vinavyovunjika. Mama alitulilia tuondoke. Lakini baba mkubwa alipanda juu ya paa na nyundo yake akang'oa mabati sita. Nilimwona ni mwenda wazimu. Wiki ile ile tulirudi, jiwe likiwa bado na joto la kuchoma viatu, nasi tukakuta kiwanja chetu kimezikwa chini ya mwamba wenye kimo cha mtu. Mabati yale sita yakawa nyumba yetu. Mipaka ya viwanja haikuonekana tena. Wazee walisimama juu ya mwamba, wakitazama minara na miti iliyobaki kwa mbali, wakabishana: hapa palikuwa mlango wangu, hapa palikuwa choo chako.

Lakini nyumba ya mbao ina hesabu yake, na hesabu hiyo hulipwa na wengine. Mbao zetu zinatoka msituni, upande wa Walikale, Beni na hata Ituri, na miti ya kalitusi hutoka milimani. Makala ya kupikia nayo, mengi yake yametoka katika Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Kisha mbao huoza chini pale zinapogusa jiwe lenye unyevu, na zinawaka. Moto ukianza kwa jirani mmoja usiku, mtaa mzima hutoka nje na magodoro kichwani. Ni kama tunajenga kwa kuni.

Mwaka 2016 nilipata fedha kidogo nikanunua kiwanja magharibi ya mji, upande wa kwenda Mugunga. Kilikuwa rahisi, nami sikuuliza kwa nini. Kilikuwa katika bonde dogo, pametulia, upepo hauingii, na majani yake mazuri. Bibi mmoja aliyekaa juu ya bonde aliniona napima kwa kamba. Akaniita.

"Mwanangu, hapo chini unajenga nini?"

"Nyumba, Mama."

"Hapo hata mbuzi halali. Hapo pana mazuku."

Nilimshukuru kwa adabu, na moyoni nikacheka. Mimi niliyesoma nilidhani mazuku ni mambo ya mashetani. Nikajenga nyumba ya mbao, sakafu ikikaa chini kabisa, maana nilitaka kuokoa gharama za msingi. Mwezi wa tatu, asubuhi na mapema, mke wangu alimkuta binti yetu mdogo, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, hawezi kuamka. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Karibu na mlango, kuku wawili walikuwa wamekufa bila jeraha. Mke wangu alimnyakua mtoto akakimbia naye juu ya kilima, kwa yule bibi, na huko kwenye upepo mtoto akaanza kukohoa na kulia. Mimi nilisimama nyuma yao nikiwa na kiatu kimoja. Bibi hakunikemea. Alimpa mtoto maji, akaniambia nikachukue taa ya mafuta niiteremshe kwa kamba mpaka chini ya bonde. Nikafanya hivyo. Mwali ukafifia, ukazimika kana kwamba mtu ameupuliza.

Baadaye nilijua kwamba wataalamu wa volkeno wanatumia neno hilohilo, mazuku, katika vitabu vyao. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini. Haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa mabondeni kama maji katika bakuli, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo kuvuma. Bibi hakujua jina la hewa hiyo. Alijua mahali pake, saa yake, na kwamba mtu hulala juu ya kitanda kirefu, si kwenye mkeka. Kama ningemwuliza kabla ya kulipa, ningebaki na fedha zangu, na mke wangu asingeamka usiku mpaka leo kusikiliza pumzi za mtoto.

Tukahama. Kiwanja cha pili kiko mahali pa juu, kwenye mwamba mtupu wa zamani, nacho kina hati. Kwa kuwa nilikuwa na hati, nikasema: sasa nitajenga kwa jiwe. Nilimtafuta fundi mzee, naye akaanza kwa kunifundisha kutazama. Jiwe letu si la namna moja. La chini, lililopoa polepole, ni zito na gumu. Hilo ni la msingi. La juu lina matundu mengi kama mkate uliochachuka. Ni jepesi, hukatika vizuri kwa tindo, chokaa na sementi hushika katika matundu yake, na chumba chake hakina baridi kali usiku. Mke wangu na shemeji zake wakawa wanaponda mabaki kuwa kokoto. Hakuna kilichotupwa. Jiwe halikununuliwa, lilikuwa palepale tulipolala. Tulichonunua ni mikono ya watu na sementi, na sementi inaletwa kutoka Uganda na Rwanda, kwa hiyo ni ghali. Ukuta wa uani tuliupanga bila sementi kabisa, jiwe juu ya jiwe, kama unavyoona mji mzima.

Wakati huo Padre mmoja alinionyesha picha ya Pantheon, hekalu la kale la Roma lililojengwa wakati wa Kaisari Hadrianus, karibu miaka 1900 iliyopita, likafanywa kanisa la Bikira Maria na Mashahidi mwaka 609. Paa lake ni kuba la zege lenye upana wa mita 43, nalo bado linasimama. Waroma walichanganya chokaa na majivu ya volkeno, na kule juu kabisa ya kuba walitia mawe mepesi yenye matundu, ili paa lisilemewe. Nilimpelekea fundi picha ile. Aliitazama sana, akasema, "Hawa nao walikuwa na mlima." Watu wa pwani yetu ya Kiswahili, kule Kilwa na Gedi, walichukua matumbawe ya bahari na chokaa yake; Waroma mlima wao; nasi tuna wetu.

Nyumba ikaisha mwaka 2019. Nami, niseme kweli, nilijivuna. Niliwatazama majirani wa mbao kama watu waliobaki nyuma.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ikawa nyekundu tena. Lava ilikoma upande wa kaskazini, karibu na uwanja wa ndege, baada ya kumeza vijiji na mitaa, sisi haikutufikia. Kilichotufikia ni matetemeko. Kwa siku nyingi ardhi ilitikisika, na tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa kumi ihame. Tuliporudi kutoka Sake, nyumba za mbao za majirani zilikuwa zimesimama, zimepinda kidogo tu. Yangu ilikuwa na nyufa za kuingiza mkono, na ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umelala juu ya vitanda vyao.

Fundi mzee alikuja, akachungulia ndani ya ukuta ulioanguka, akakasirika. Siku zile yeye alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa nimewaachia vijana wamalizie upande ule. Walijenga kuta mbili nyembamba, ya nje na ya ndani, katikati wakajaza kokoto. Hapakuwa na mawe marefu ya kulala kukata ukuta toka nje hadi ndani ili kuzifunga, wala mkanda wa zege juu yake. Mawe yalikuwa mazuri. Kazi ndiyo ilikuwa mbaya, nami ndiye niliyewaharakisha ili niokoe siku chache za malipo.

Tulikaa usiku mwingi mimi na mke wangu tukibishana. Yeye hakutaka jiwe tena juu ya vichwa vya watoto. Mimi sikutaka mbao tena. Yule fundi ndiye aliyetupatanisha: jiwe mpaka kiunoni, lililofungwa vizuri na mkanda juu yake, kutoka kiunoni kwenda juu, mbao, sakafu iinuliwe vipandio vitatu. Mbao hazigusi unyevu, kwa hiyo zitadumu, na tumenunua nusu tu ya zile ambazo nyumba nzima ingehitaji. Ardhi ikitikisika, kilicho juu yetu ni chepesi. Na lava ikija, mbao na mabati vitaondoka nasi, jiwe litabaki kuungana na jiwe. Nyundo ya kung'olea misumari inaning'inia nyuma ya mlango. Mke wangu ndiye aliyeitundika.

Faida moja hatukuipiga hesabu. Siku za mwisho za Januari 2025, vita vilipoingia mjini, risasi zilipita katika mbao kama sindano katika kitambaa. Majirani wa nyumba tatu walikuja kwetu. Tulilala chini kifudifudi, watu kumi na tisa, nyuma ya ule ukuta wa kiunoni, watoto katikati. Juu yetu mbao zilitobolewa mara saba. Matundu yake nimeyaziba kwa vijiti, lakini yanaonekana. Hakuna aliyeguswa. Baada ya hapo majirani wawili wamemwita fundi, nao wanajenga kama sisi, mawe kiunoni, mbao juu. Yule wa tatu hana hati, kwa hiyo hawezi. Bado yuko katika mbao tupu, na usiku kukisikika mlio, watoto wake wanajua njia ya kuja kwetu.

Sasa kazi iliyobaki ni choo. Wiki ya tatu tunapiga mwamba kwa mtaimbo na nyundo, na shimo bado halijazidi magoti yangu. Fundi anasema tuache kuchimba, tujenge sanduku la mawe juu ya ardhi, na vipandio vya kupandia. Mke wangu anasema watu watatuona tukipanda. Hatujaamua.