Nyasa Haina Bamvua, Ina Mwera

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba umekodi boti ya kwenda kuvua samaki wikiendi, moja kwa moja atadhani unakwenda Mafia, Pemba au Nungwi. Huko ndiko mambo hayo yalikozoeleka: boti nyeupe, kofia pana, na picha ya mtu kamkumbatia jodari kama mtoto mchanga. Tena Pwani kuna raha moja, bahari ina ratiba. Nahodha anaangalia mwezi kabla hajaangalia pochi yako. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, samaki wanaingia miambani na maji ya kujaa na kutoka nayo yakipwa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, mambo yanapoa. Saa ya kwenda na saa ya kurudi unaweza kuzijua mwaka mzima kabla, ziko kwenye jedwali.

Lakini mimi na mume wangu tulikuwa tumeichoka Pwani. Sabasaba iliyopita tuliiunganisha na siku chache za likizo, tukawasha gari kuelekea Nyanda za Juu Kusini. Mpango ulikuwa wa kwake: kujifunza uvuvi ule wa nzi bandia kwenye mabwawa ya Mufindi, mkoani Iringa, halafu kuteremka hadi Ziwa Nyasa, mkoani Mbeya, tukodi boti tukajaribu kwenye maji makubwa. Mimi nilikubali kwa sababu ya chai, baridi na kulala bila feni.

Mufindi mwezi wa saba si mchezo. Ukitoka Mafinga kuingia kwenye mashamba ya chai, ukungu unakupokea saa tatu asubuhi kama vile bado ni alfajiri. Kwenye mabwawa ya huko kuna samaki aitwaye trauti, ambaye hawezi maji ya vuguvugu. Asili yake ni nchi za baridi na aliletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni ili walowezi wajisikie nyumbani. Havuliwi kwa nyungunyungu. Anavuliwa kwa ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi, ikafanana na mdudu aliyeanguka majini.

Ndoana hiyo ni nyepesi mno, huwezi kuirusha. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito makusudi. Kijana aliyekuwa anatufundisha alisema siri yote iko nyuma ya mgongo: unaurusha mshipi nyuma, unasubiri unyooke wote hewani, ndipo unauleta mbele. Usiposubiri, unakuangukia kichwani kama tambi. Mume wangu hasubiri. Ni mtu ambaye hasubiri hata chai ipoe. Hadi mchana mimi nilikuwa nautandaza mshipi juu ya maji vizuri tu, yeye anatoa ndoana kwenye sweta lake. (Wachumba mnaosoma ukurasa huu, kabla ya kutoa mahari nendeni mkavue pamoja siku moja. Mtaonana vizuri kuliko kwenye kumbi za starehe.)

Kutoka pale tulishika barabara kuu, Makambako, Chimala, hadi Uyole, tukakata kushoto kuelekea Tukuyu. Hapo ndipo safari inapoanza kunoga. Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo ndani ya saa chache unavua koti, unavua sweta, mwisho unafungua vioo vyote. Ndizi za Tukuyu zinakuachia mpunga na kokoa ya Kyela. Pale Kikusya unaingia barabara ya Ipinda, siku hizi ni lami, kilomita 39 hadi Matema. Wenye haraka wanaweza kupanda ndege hadi Songwe, uwanja uliofunguliwa mwaka 2012, lakini watakosa huo mteremko.

Matema ni kona ya kaskazini ya ziwa, na Milima ya Livingstone inaanguka majini bila hata kupumzika. Mchanga upo, mawimbi yapo, upeo wa macho unaishia majini. Ukionja maji ndipo unakumbuka kuwa chumvi haipo. Na hakuna kupwa na kujaa. Ziwa Nyasa linajaa mara moja tu kwa mwaka, mvua zinapokwisha kwenye mwezi wa tano, kisha linashuka taratibu hadi Novemba au Desemba, tofauti ikiwa kama mita moja. Ukimuuliza nahodha wa Matema habari za mwezi atakuangalia tu. Yeye anauliza upepo.

Ule upepo wa kusini ambao Pwani tunauita kusi, ukifika ziwani wavuvi huuita mwera. Huvuma kati ya mwezi wa tano na wa nane, na unaweza kukaa siku tatu mfululizo au zaidi. Ubaya wake uko kwenye umbo la ziwa. Nyasa ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, limebanwa na milima kama korongo. Mwera unalipitia lote kwa urefu, na wimbi lililoanza dogo kule kusini linazidi kukua njia nzima. Matema iko mwisho wa njia hiyo. Wazee bado wanaitaja meli ya Vipya, iliyopinduka upande wa kaskazini wa ziwa tarehe 30 Julai 1946, ikiwa mpya kabisa, wakafa watu 145. Hiyo ilikuwa meli. Boti tuliyokodi sisi ni ya mbao, ina mashine ya Yamaha nyuma.

Mwenye boti alikuwa mzee wa makamo, mpole, na alikuja na kijana wake. Jioni tulikaa mchangani kupatana. Mume wangu alipatana bei ya kutwa, siku mbili, akadhani tumemaliza. Mimi nikauliza: na upepo ukikataa je? Wakanyamaza wote wawili. Nikapendekeza kwamba siku ambayo yeye nahodha ataona haifai, asubuhi ile ile atabaki na nusu ya malipo ya siku hiyo, na safari itasogea kesho yake. Mume wangu alinong'ona kwamba namlipa mtu ili alale. Mzee aliinamisha kichwa, akasema, "Ndaga, mama." Asante, kwa Kinyakyusa. Tukampa nusu ya siku ya kwanza pale pale.

Asubuhi yake, saa kumi na moja na nusu, tukiwa tayari na fimbo na kofia, mzee alikuwa amesimama tu ameupa mgongo mlima. "Ugonile," akatusalimu, halafu, "Leo hapana, kaka."

Maji pale ufukweni yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni. Mume wangu akayaangalia, akamwangalia mzee. "Mbona shwari?"

"Hapa mlima unatukinga. Angalia kule."

Tukaangalia. Mstari wa maji kule mbali haukuwa mstari, ulikuwa msumeno.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini ametoka Dar kilomita zaidi ya 900 kwa gari. Akatoa pochi. Akasema anaongeza, na akataja kiasi. Nilimwona yule kijana akimwangalia baba yake. Ni hela ambayo wiki nzima ya nyavu huenda isiifikishe, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Nikasema kwamba mimi sipandi. Akasema basi atakwenda mwenyewe.

Mzee hakuikunja sura. "Kaka, pesa yako naitaka sana. Lakini shemeji kasema hapandi. Nikikupeleka usiporudi, huyu hapa nitamwambia nini?"

Sasa ningependa kukusimulia kwamba saa nne dhoruba ilikuja na mume wangu akapiga magoti. Haikuja. Mwera ulivuma wa kawaida, mawimbi yakapiga ufukwe, na mchana mitumbwi miwili iliyokuwa imetoka usiku ikarudi salama na usipa wake. Mume wangu akaninyooshea kidole: unaona? Mzee naye alikuwa hapo akishona wavu. "Wale wametoka na roho zao," akasema. "Mimi nilikuwa nabeba zenu."

Nimeliwaza sana jambo hilo tangu turudi. Wateja wa boti tunadhani tunanunua samaki, au mashine, au saa nane za maji. Kitu cha thamani anachouza nahodha ni lile neno "hapana", na ndicho kitu pekee ambacho hatulipii. Kinyume chake tunalitoza faini: usipotoka hupati kitu. Halafu tunashangaa boti zikitoka siku mbaya. Mzee yule alikuwa na msimamo, sikatai, ila na ile nusu mfukoni ilimpa ubavu. Mwenzake ambaye hana hata mia na nyumbani wanasubiri unga, utamlaumu vipi akiipokea hela ya mume wangu?

Basi ukikodi boti Nyasa, au hata Mafia, patana na hilo kabla. Pia vaa jaketi la kuokolea ufukweni, lifunge kabisa, uone kama linakutosha. Mengi ni ya mtu wa kilo 100 au mtoto. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi hata kwa maziwa, sikiliza. Habari za kibali cha uvuvi muulize afisa uvuvi wa halmashauri ya Kyela. Wanaotaka maji matulivu waende Oktoba au Novemba, kabla mvua za Kyela hazijapamba moto, maana zikianza hazina adabu. Na msikubali kupelekwa kwenye midomo ya mito kama Lufilyo wakati imefurika. Achilia mbali mamba na viboko. Huko ndiko mbasa hupanda kutaga, na kukingwa nyavu njiani ndiko kulikomfikisha kwenye orodha ya samaki walio hatarini.

Siku ile ya upepo hatukuongea hadi saa saba. Ilikuwa Jumamosi, tukatembea hadi gulioni Lyulilo, ambako akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Vimefinyangwa kwa mkono na kupakwa rangi nyekundu na nyeupe. Nilichagua kikubwa kuliko akili, na mume wangu akakibeba mchanga wote wa kurudi, akisimama kila hatua hamsini. Mara ya nne kusimama akaniuliza, "Kweli ungeniacha niende?" Nikamwambia ningekaa ufukweni nimuone akirudi, halafu ndipo tungeachana. Akacheka. Mimi sikucheka sana.

Usiku upepo ulikata. Alfajiri mzee ndiye aliyetugongea mlango. Tulitoka tukiufuata mwamba upande wa Ikombe, maji yako wazi hadi unaona mawe chini, na mbali katikati ya ziwa moshi mweusi ukasimama kama kuna meli inaungua. Ni kungu, wadudu wadogo wanaotoka majini kwa mamilioni. Wakisukumwa na upepo hadi nchi kavu, watu huwakusanya, huwakandamiza na kuwala kama mkate. Mume wangu alifurahi: ziwa lenyewe linavua kwa nzi.

Kwenye boti inayocheza unarusha mshipi mfupi, na kama unatumia mkono wa kulia unahakikisha upepo uko kushoto kwako, la sivyo ndoana inapita sikioni. Sisi tulifunga nyoya jeupe lenye nyuzi za kung'aa, mfano wa usipa. Mimi nilipata visamaki viwili vya mwambani, vya bluu, vya kiganja, wazuri kama hereni. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na wengi ni wa jamii hiyo.

Mbasa alimpata mume wangu, karibu saa tatu. Nilimwona akirusha nyuma na kungoja. Mshipi ukakaza, fimbo ikapinda, na kitu cheupe kikaruka nje ya maji mara mbili. Alipomleta ubavuni mwa boti alikuwa wa urefu wa mkono hadi kiwikoni, fedha tupu. Tukampiga picha. Kisha mume wangu, kama alivyofundishwa Mufindi, akamshika majini kwa mikono miwili, akamwachia.

Mzee akazima mashine.

"Kaka," akasema polepole, "umeachia mboga?"

Mume wangu akaanza kumweleza mambo ya samaki walio hatarini na uvuvi wa starehe. Mzee akasikiliza yote kwa adabu, akaitikia, akawasha mashine tena. Yule kijana aliendelea kuangalia pale kwenye maji hadi tulipopita mwamba.