Walinzi wa Majoho Mekundu



Mjukuu wangu wa miaka tisa alijitanda shuka nyekundu ya bibi yake, akashika ufito, akasimama mlangoni mwa chumba changu. Nikamtolea salamu, asiitikie. Nikamwuliza ana nini, kimya. Hata mama yake alipomwita kula ndipo akaninong'oneza: "Babu, mimi ni mlinzi wa mfalme. Mlinzi hasemi."

Usiku akaniketisha tuitazame sinema alikowatoa hao walinzi, Return of the Jedi, mojawapo ya zile za Star Wars za Bwana George Lucas wa Marekani, iliyotoka mwaka 1983. Ni hadithi ya kubuni, ya dola inayotawala nyota kwa nyota. Mimi si mtu wa sinema, na baadhi ya wenzangu watanilaumu. Walakin mzee asiyejua mjukuu wake anapenda nini, atamlea vipi?

Basi nikawaona. Majoho mekundu toka mabegani hadi chini, kofia ngumu nyekundu zilizofunika uso mzima, pa kuonea ni upenyo mweusi tu, na mikononi mikuki mirefu. Wamemzunguka Kaizari wao, Palpatine, mzee wa uso uliokunjana. Haiba wanayo, sikatai. Lakini sinema nzima hawasemi neno, wala hawapigani hata mara moja. Kijana Luke alipoletwa mbele ya kiti cha enzi, Kaizari aliwaamuru walinzi watoke, wakatoka. Akabaki na adui yake, na Darth Vader, mtumishi aliyemwamini. Na ni mtumishi huyo huyo, alipomwona mwanawe akiteswa, aliyemnyanyua bwana wake akamtupa shimoni.

"Walinzi wako wapi?" nikauliza.

"Waliambiwa watoke, Babu."

Akanieleza pia kwamba katika sinema ya mwaka 2005 wawili wao walimkabili Yoda mlangoni, naye ni kizee kifupi kama mtoto, akawaangusha kwa ishara ya mkono. Yote hayo hayakumpunguzia mapenzi!

Waliosoma tarikh hawatastaajabu. Walinzi wa Roma mwaka 193 walimwua Kaizari Pertinax, kisha wakakinadi kiti chake, akakipata Didius Julianus kwa kupandisha dau. Na Khalifa al-Mutawakkil aliuawa Samarra mwaka 861 na askari wake mwenyewe.

Walakin usiku ule lililoniondolea usingizi si Roma wala Samarra. Ni chuo changu.

Miaka mingi nyuma nilikuwa na mwanafunzi aliyechelewa kila asubuhi. Nikampiga bakora, kesho tena, kesho kutwa tena. Wanafunzi wangu wakubwa watatu walikuwa wakisimama pale mlangoni, kanzu zao nyeupe zimenyooka, macho chini. Mtoto hakujitetea. Siku moja hakuja, nami nikasema amekuwa mtoro. Baada ya wiki mbili tukaitwa maziko: mama yake. Pale makaburini ndipo nilipoambiwa kwamba alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na huyo mtoto ndiye aliyekuwa akimwosha na kumpikia uji kabla ya kuja kusoma. Mmoja wa wale watatu alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta.

Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akajibu kwa unyenyekevu, "Maalim, ulitufundisha mwanafunzi hasemi mbele ya mwalimu wake."

Ni kweli, nilifundisha hivyo, na nilijivunia. Yule yatima nilimwomba radhi, akasema amenisamehe, chuoni hakurudi.

Jioni ya pili mjukuu wangu akasimama tena mlangoni na shuka yake. Nikamwambia, "Ukitaka kuwa mlinzi wangu, sharti langu moja: ukiniona nakosea, useme."

Akafikiri kitambo. "Kweli, Babu?"

"Kweli."

"Basi jana ulimgombeza Bibi kwa chumvi, na chumvi niliitia mimi."

Nikavaa makubadhi yangu, nikaenda jikoni.