Yona Alikuwa na Amani

Yona alipoamua kumkimbia Mungu, mambo yalimwendea vizuri. Aliteremka Yafa akakuta merikebu ya kwenda Tarshishi iko tayari. Nauli alikuwa nayo, akalipa. Kisha akashuka chini kabisa ya merikebu, akalala usingizi mzito hata dhoruba isimwamshe. Ilibidi nahodha amfuate huko huko amwamshe.

Tuna vipimo viwili tunavyovitegemea sana makanisani mwetu tunapotaka kujua mapenzi ya Mungu. Cha kwanza ni mlango kufunguka. Cha pili ni amani moyoni. Yona alikuwa na vyote viwili, naye alikuwa anakimbia. Halafu mtazame Yesu pale Gethsemane, ndani kabisa ya mapenzi ya Baba yake: ana huzuni kiasi cha kufa, jasho linamtoka kama matone ya damu, anarudia ombi lile lile mara tatu, na rafiki zake wamelala. Kwa vipimo vyetu, tungemshauri asubiri kwanza mpaka apate amani.

Mimi ni mwalimu hapa Dodoma, na kwa miaka mingi nimekuwa mlezi wa vijana kanisani. Wanakuja nyumbani jioni, wengine wawili wawili, wengine peke yao baada ya kuzunguka mtaa mara kadhaa wakitafuta ujasiri wa kubisha hodi. Niolewe na huyu? Niache kazi niende chuo cha theolojia? Nikubali nafasi ya kazi Muscat wakati baba anaumwa? Chini ya maswali hayo nimezoea kusikia hofu moja: kwamba Mungu ameficha njia moja tu iliyo sahihi, na ukiikosa, umekosa maisha. Ukioa asiye wako, na yule aliyekusudiwa kuoa huyo naye amekosa, na watoto ambao wangezaliwa hawatazaliwa. Nimewaona vijana wazuri wakidhoofika kwa hofu hiyo. Wengine wamefunga mpaka wakaanguka. Sijaikuta hofu hiyo katika Maandiko, na ninawaambia hivyo waziwazi.

Ninachokikuta ni uhuru unaoshangaza. Paulo akiwaandikia Wakorintho kuhusu mjane, anasema yuko huru kuolewa na mwanamume anayemtaka, mradi tu iwe katika Bwana. Anayemtaka! Paulo hasemi afunge siku tatu apewe jina. Na akiwaandikia Wathesalonike mapenzi ya Mungu kwao ni nini, anawataka wawe watakatifu, waepuke uasherati, washukuru katika kila hali. Hayo hayahitaji ndoto. Ni magumu kwa sababu yanajulikana, na mara nyingi tunatafuta yaliyofichika ili tusishughulike na yaliyo wazi. Kijana anayekesha akiuliza kama ahamie Mwanza, na huku miezi sita hajasemezana na kaka yake, tayari ana mapenzi ya Mungu mkononi ambayo hajayafungua.

Najua mtu atanitajia Gideoni na ngozi yake ya kondoo. Naomba arudi asome sura ya sita ya Waamuzi taratibu. Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Ngozi aliitandika kwa woga, na mwenyewe alijua, ndiyo maana mara ya pili anaanza kwa kumsihi Mungu asimkasirikie. Mungu alimvumilia. Kuvumiliwa si sawa na kuwekewa kanuni. Kura nazo mitume walipiga walipomchagua Mathiya, lakini hiyo ilikuwa kabla ya Pentekoste, na baada ya Roho kuja kitabu cha Matendo hakisemi tena kwamba walipiga kura. Badala yake wanajadiliana. Pale Yerusalemu walijadiliana sana juu ya watu wa Mataifa na tohara, wakasikiliza ushuhuda wa Petro, wa Barnaba na Paulo, Yakobo akalinganisha na manabii, na mwishoni wakaandika barua wakijitaja pamoja na Roho Mtakatifu katika uamuzi ule ule. Sioni popote hapo kwamba mtu alisimama na kusema ameonyeshwa, basi mjadala ukafungwa.

Jambo la kuonyeshwa linanitia uchungu, nami sitalipita haraka. Miaka iliyopita msichana wa kwaya alinijia akilia. Kijana mmoja, tena anayeheshimika katika maombi, alikuwa amemwambia kwamba Mungu amemwonyesha yeye ndiye mke wake. Msichana hakuwa anampenda. Alikuwa na mipango yake ya masomo. Swali lake lilikuwa hili: "Mwalimu, nikimkataa huyu, nitakuwa nimemkataa Mungu?"

Nilimsomea habari ya yule mtu wa Mungu wa kutoka Yuda, katika Wafalme wa Kwanza sura ya kumi na tatu. Aliagizwa asile mkate wala asinywe maji Betheli, na asirudi kwa njia aliyoijia. Nabii mzee akamfuata, akamwambia malaika amesema naye, kwamba arudi nyumbani kwake wale. Maandiko yanaongeza kwa ufupi kabisa: alimdanganya. Mtu wa Mungu akarudi, akala, na simba akamwua njiani. Mzee yule alikuwa nabii kweli, na jina alilolitumia lilikuwa jina la kweli la Mungu. Hata hivyo neno lake halikuwa na haki ya kufuta lile ambalo mwenzake alikuwa amepewa. Nikamwambia msichana: kama Mungu anataka uolewe na huyu, anajua unapokaa. Atasema na wewe pia. Mwanamume anayelitumia jina la Mungu ili asikataliwe ameshakunyima kile ambacho Mungu mwenyewe alikiacha mikononi mwako. Alimkataa, akaenda kusoma. Ningemwambia hivyo hivyo hata kama maisha yake baadaye yangekuwa magumu.

Hayo hayamaanishi kwamba Mungu hasemi na watu. Anasema. Katika Matendo sura ya ishirini na moja, wanafunzi wa Tiro wanamwambia Paulo kwa Roho asipande kwenda Yerusalemu. Kule Kaisaria, Agabo anachukua mshipi wa Paulo, anajifunga mikono na miguu, anasema hivi ndivyo mwenye mshipi huu atakavyofungwa. Kila mtu mle ndani, na Luka mwandishi akiwemo, anamsihi asiende. Paulo anakwenda. Hapingi ujumbe wa Agabo; anaukubali, na anasema wanamvunja moyo kwa kulia. Roho aliwaonyesha wote kitakachotokea. Uamuzi wa kukibeba ulibaki kwa Paulo, na ndugu wakanyamaza, wakaliacha jambo kwa Bwana.

Nikisoma sura hiyo huwakumbuka maaskofu wawili wa Uganda, na kwa sisi wa Dodoma mmoja wao si mgeni. Festo Kivengere alifundisha shule hapa mjini na mkewe Mera, kabla ya uhuru wetu, akiwa mtu wa Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, ukatufikia na wimbo wa Tukutendereza. Mwaka 1960 alisimama Moshi kumtafsiria Billy Graham kwa Kiswahili. Mwenzake, Janani Luwum, Mwacholi, alikuwa Askofu Mkuu tangu 1974. Februari 1977 askari wa Idi Amin waliivamia nyumba ya Luwum usiku wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kupinga. Luwum alishauriwa akimbie, akakataa. Tarehe 16 waliitwa Kampala, wenzake wakaambiwa waende nyumbani, yeye akabakizwa. Serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari. Watu walijua ameuawa.

Siku chache baadaye Kivengere alipata habari kwamba yeye ndiye anayefuata. Waliomzunguka walimsihi aondoke. Yeye na Mera walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Alirudi baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, akaendelea na kazi katika dayosisi yake ya Kigezi mpaka alipofariki 1988.

Mmoja alibaki, mwingine akaondoka. Imani moja, kanisa moja, hatari ile ile, mwezi ule ule. Sioni namna ya kusema kwamba mmoja aliyajua mapenzi ya Mungu na mwingine aliyakosa. Damu ya Luwum ililitia kanisa ujasiri. Uhai wa Kivengere uliwafikia watu wengi aliowahubiria msamaha, akimtaja hata Amin kama mtu wa kuombewa. Kama ungekuwepo mlango mmoja tu uliofichwa, mmoja wa watu hawa angekuwa mwasi, nami siwezi kuamini hivyo.

Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi ambayo naitamani irudi. Mambo makubwa, ndoa zikiwemo, waliyaleta nuruni, mbele ya ushirika, wakayasema kwa sauti. Ilikuwa na hatari yake, kwa sababu ushirika uliweza kugeuka baraza la kumhukumu mtu hata kwa vazi. Lakini jambo likishasemwa mbele ya watu wanaokupenda, nusu ya giza lake linaondoka. Sababu uliyokuwa ukijificha nayo unaisikia mwenyewe ikitoka mdomoni, na unajua.

Mama yangu alipopata kiharusi nilikuwa nimepewa nafasi ya kazi Mwanza, yenye mshahara uliokaribia mara mbili ya huu. Niliomba. Mama mmoja wa maombi aliniambia ameona nikivuka maji. Mwingine akaniambia ameona nimekaa chini ya mti. Mchungaji wetu alikuja nyumbani, akanywa chai, akaniuliza: "Mwalimu, usiku nani anamgeuza mama kitandani? Dada anayekusaidia unamlipa kiasi gani? Mwanza utapanga nyumba yenye ngazi?" Alipomaliza aliomba sala fupi sana. Nilikasirika kidogo, nilitaka neno la kinabii. Usiku ule nilichukua karatasi nikaandika majibu ya maswali yake.

Jambo jingine lililonisaidia nililipata kwa Ignatius wa Loyola, ingawa mimi ni Mwanglikana. Alikuwa mwanajeshi, mguu wake ukavunjwa na mzinga Pamplona mwaka 1521, na akiwa kitandani aligundua kwamba mawazo ya sifa na vita yalimfurahisha kisha yakamwacha mkavu, na mawazo ya kumfuata Kristo yalimwacha na furaha iliyokaa. Hakuuamini msisimko wa mwanzo, aliangalia kilichobaki. Alifundisha pia mtu asibadilishe uamuzi wake akiwa katika giza la moyo, na tena amfikirie mtu asiyemjua kabisa aliye katika hali kama yake: angemtakia afanye nini? Nilimfikiria mwanamke wa namna hiyo. Sikuona ubaya wowote akienda na mama yake, wala akibaki.

Nikamwuliza mama. Maneno yalimtoka kwa shida. Akasema, "Mwanangu, mimi sitaki kufia ugenini. Lakini ukienda, nitakuja."

Nilibaki. Sikupata amani ile inayosimuliwa. Kwa wiki nyingi nilihesabu ule mshahara kichwani. Mama alifariki nyumbani miaka kadhaa baadaye. Watu huniambia Mungu alinionyesha nibaki, na ninawasahihisha kwa upole. Naamini ningeenda, angekuwa pamoja nasi Mwanza. Alichonipa ni mchungaji mwenye maswali, mama aliyesema ukweli, na nguvu ya kuamka saa nane usiku kumgeuza, ambayo sikuwa nayo kabla.

Pasaka hii ndugu zangu watakuja kuzungumzia shamba la baba, liuzwe au lisiuzwe. Dada yetu mkubwa ameomba tufunge siku moja kwanza, nami nimekubali kwa moyo wote. Nimemwomba na kaka atafute hati za shamba, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye hajawahi kuulizwa jambo lolote katika familia hii, awe wa kwanza kusema.